Kibodi Niliyoichagua kwa Mgongo

Mimi hata jina yangu siwezi kusoma, lakini kibodi ya kompyuta naijua. Usicheke. Wewe unaijua kwa macho. Mimi naijua kwa masikio, na kwa unyoya wa kuku, maana ni mimi nilikuwa natoa maganda ya njugu katikati ya hizo meno zake kila asubuhi.

Binti yangu wa mwisho alikuwa na chumba cha gemu hapa Bungoma, nyuma ya soko, upande ule wa reli. Chumba kimoja, kompyuta tatu za zamani, zile zenye kisogo kikubwa kama cha chifu. Mimi nilikaa mlangoni na jiko yangu nikikaanga njugu. Vijana waliingia, wakacheza mpira ndani ya kompyuta, wakapigana vita ndani ya kompyuta, wakatoka na njaa, wakanunua njugu kwangu, wakarudi ndani na vidole za chumvi. Hiyo chumvi ndiyo iliua kibodi ya kwanza. Ya pili iliuawa na soda. Ya tatu ilikufa tu kifo chake, hatukuita daktari.

Huyu binti alikuwa ametoka Matulo. Aliolewa huko, na huko alipigwa mpaka sikio ya kushoto ikaacha kusikia. Siku alirudi kwangu alikuwa amebeba mfuko wa nailoni na viatu vya kanisa, basi. Sikumuuliza kitu. Nilimpikia mrenda, akakula, akaniambia, "Mama, nataka kazi yangu mwenyewe. Mwanaume sitaki tena." Alikuwa amefanya kibarua kwa saiba, zile duka za kompyuta za kulipia, akiwa msichana, alijua hiyo mambo. Nikauza ndama wangu, akanunua kompyuta kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara.

Lakini watu wa Matulo hawakulala. Bwana yake alituma maneno, na unajua alituma kupitia nani? Kupitia mkwe wangu wa Kitale, bwana ya binti yangu mkubwa. Hao wawili ni marafiki tangu wakitahiriwa. Mkwe akamwambia bibi yake, bibi yake akaniambia mimi: "Mama, shemeji wa Matulo anasema hana haraka. Hicho chumba kikianguka, mlango kwake uko wazi."

Sasa ukae ukijua hivyo. Kile chumba si chumba, ilikuwa ua wa kuzuia Matulo. Ikisimama, mtoto wangu anabaki kwangu. Ikianguka, anarudi Matulo na sikio moja iliyobaki.

Halafu mtu akafungua chumba ingine ng'ambo ya barabara. Kiti mpya, rangi mpya ukutani, na kibodi zinawaka taa ya buluu kwa chini. Vijana, ambao waliniita kukhu, yaani nyanya, walikuja kunieleza kama wameona Yesu.

"Kukhu, huko ng'ambo kibodi inawaka!"

"Hata jiko yangu inawaka," nikawaambia. "Na haijawahi kufunga bao."

Walicheka, wakanunua njugu, wakavuka. Ndivyo vijana walivyo. Watacheka nawe halafu watavuka.

Taa haikuwa shida. Shida ilikuwa hivi. Kila kompyuta yetu ilikuwa na shimo moja tu ya kuchomeka kibodi. Vijana wawili wakicheza mpira, mmoja dhidi ya mwingine, wanagawana hiyo kibodi moja, mmoja upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto, kama watoto wa mama mmoja kwa sahani moja. Sasa kibodi ya bei rahisi iko na tabia. Huyu akibonyeza kukimbia na huyu akibonyeza kupiga, wakati ule ule, kibodi inaitikia mmoja na inamnyamazia mwingine. Haijaharibika. Ndivyo imezaliwa. Ndipo unasikia kelele huko ndani. Kulikuwa na kijana mmoja fundi wa baiskeli, mrefu, shingo kama ya bata, ulimi wake haujui tofauti ya l na r. Alikuwa anapiga nduru mpaka njugu zinaruka kwa karai: "Kibodi imerara! Kukhu, imerara tena! Mimi nimepiga bori, imerara!" Nikimuiga mpaka leo wajukuu wanaanguka chini.

Basi wiki moja hao vijana wakakuja kwa binti yangu, wamesimama vizuri kama watu wa posa. Mkubwa wao akasema, "Madam, wasee wa Webuye wanakuja Jumamosi, tunachapana nao mpira. Sisi tunataka iwe hapa kwako, kwa sababu wewe si mkali na kukhu ako na njugu. Lakini kibodi ikilala hata mara moja, bana, tunahamia ng'ambo. Na tukihama tumehama."

Binti yangu akasema, "Haitalala."

Wakaondoka. Akakaa chini kwa kreti ya soda. Tulijua sisi wote wawili. Mahali mashindano itafanyika, hapo ndipo Bungoma yote itakuwa inacheza baadaye.

Maduka ya hapa Bungoma yalikuwa na kibodi za kuandikia barua tu, za ofisi, nyepesi kama ganda la yai. Binti yangu mkubwa akapiga simu kutoka Kitale. "Njooni kwa duka yetu. Mzee ako na za gemu. Nitamwambia awafanyie bei ya nyumbani." Mzee ni bwana yake, na bado hakuwa hata na mvi. Wakati aliolewa alikuwa anamwita kwa jina. Hiyo "mzee" niliisikia.

Binti wa mwisho akasema twende wote. "Mama, wewe utanisikilizia. Mimi sikio imebaki moja." Maana mtu anayejua kibodi anaisikiliza. Ikiwa na tumbo tupu inalia cha-cha-cha, kama kuku anapita kwa majani makavu ya mahindi. Ikiwa na kitu ndani inasema tok, tok, kama mwiko kwa mdomo wa sufuria. Hiyo ya tok ndiyo inaweza kuitikia watu wengi.

Sasa ngoja nikueleze jinsi mimi nilinunua kibodi, ujue hakuna mwanamke mwingine Kenya hii amenunua hivyo.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawaangaliani. Hatupeani mkono. Hatukuli pamoja. Nikimwona anakuja kwa njia mimi naingia kwa majani, na yeye akiniona anaingia kwa majani ya upande ule mwingine. Hata kuongea, hatuongei moja kwa moja, lazima mtu asimame katikati abebe maneno. Ni heshima. Bwana yangu alimfanyia mama yangu hivyo, na hakuna mtu alikufa.

Kwa hivyo tulipofika duka ya Kitale, binti mkubwa alinitolea kiti, akakiweka mlangoni, kinaangalia barabara. Nikakaa, mgongo kwa duka, uso kwa Kitale yote inayopita. Nikajifunika leso kichwani. Mkwe alikuwa huko ndani nyuma ya kaunta. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye ameweka kiazi moto mdomoni na hataki ijulikane.

"Mwambie mama karibu," akasema.

Binti mkubwa akasema, "Mama, karibu."

"Mwambie nimeshakaribia," nikasema.

"Anasema ameshakaribia."

Tulikuwa mita tatu, tunasikiana kama ndugu kwa kitanda kimoja, lakini maneno lazima yapande kwa binti yangu kwanza. Watu waliokuwa wananunua betri wakacheka kwa pua. Wacheke. Kitale ni mji wa watu wa kila mahali, wengine mama mkwe wao wanawapigia simu kuuliza mpira umeisha ngapi.

"Mwambie mama tuko nayo hii ya taa nyekundu," kiazi moto ikasema.

"Mwambie mimi sikuja kununua koroboi," nikasema. "Aigonge nisikie."

Akaigonga. Cha-cha-cha. "Kuku huyo," nikasema. "Alete ingine."

Akaleta ingine. Hiyo ikalia ki-ki-ki kama mwalimu wa nasari akicheka na mkaguzi. Nikakataa. Nikasikia binti wa mwisho anacheka nyuma yangu, kicheko chake cha zamani, cha kabla ya Matulo. Nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Ningeweza kukaa hapo mpaka jioni nikikataa kibodi tu nisikie hiyo.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, binti aliniambia, haina taa, haina maringo, nzito kidogo. Ikagongwa. Tok. Tok. Tok.

"Hiyo," nikasema.

Mkwe akakohoa. "Mwambie mama hiyo ni ya sampo, ya kuonyesha tu."

"Mwambie ndiyo hiyo nimesikia."

Binti wa mwisho akataka kuijaribu. Ikachomekwa kwa kompyuta ya duka. Akaweka vidole vyake vyote, huku na huku, akakandamiza pamoja kama mtu anakanda unga. Akaniita, "Mama, zote zimetokea! Zote!" Bei ikatajwa, tukalia kidogo, ikashuka kidogo, maana bei ya nyumbani ya mkwe wangu ilikuwa ni ile ile ya sokoni imevaa tai. Tukakubaliana.

Kisha mkwe akaingia stoo na bibi yake kufunga. Mtu akigeuka mgongo, masikio yanakua. Mimi nilikuwa nimekaa hapo naangalia mama mmoja anapita na kabichi, na nyuma yangu nikasikia binti yangu mkubwa anauliza polepole, "Hii, ama ile ya watu?"

Bwana yake akasema, "Ile ya watu."

Halafu nikasikia seloteipu inalia kwa boksi, krrrr, mara nyingi. Mtu anayefunga kitu kizuri hafungi mara nyingi hivyo.

Boksi ikaletwa. Binti wa mwisho akaishika. Nilijua anafikiria nini, maana kwa duka lolote la mtu mwingine angepasua hapo hapo, achomeke, akandamize. Lakini nani atafungua boksi ya shemeji yake, mama mkwe ameketi mlangoni? Hiyo ni kumwita mwizi mbele ya mkwewe. Ukifanya hivyo si wewe peke yako umekosa, ni ukoo yote imevuliwa nguo barabarani. Kuna wazee wangeitwa. Kuna kondoo ingechinjwa. Yeye alijua, mimi nilijua, na yule mwanaume nyuma ya kaunta alijua kutushinda sisi wote. Alikuwa amefungia boksi ndani ya heshima yangu, seloteipu ilikuwa ya kuongezea tu.

Binti akaiweka kwa kikapu. Hakufungua.

Binti mkubwa akanipa sukari pakiti moja. Alinipa akiangalia sukari.

Tulifika Bungoma, tukafungua kabla ya kuvua viatu. Kibodi ilikuwa nyeusi. Picha kwa boksi ni ile ile. Binti akafurahi, akaichomeka. Akagonga moja kunionyesha.

Cha.

"Gonga tena," nikasema.

Cha-cha.

Yeye hakusikia tofauti, sikio yake maskini. Aliniangalia mimi uso, akajua. Akaweka vidole vyote, akakandamiza. Akahesabu herufi kwa kioo ya kompyuta, akafuta, akakandamiza tena. Mbili zinaitikia. Ya tatu inanyamaza. Akageuza kibodi chini juu, akaipuliza, akaibembeleza. Mbili zinaitikia. Ya tatu inanyamaza.

"Labda ni kompyuta," akasema.

"Si kompyuta," nikasema. "Hii si ile. Ile nilisikia na masikio yangu. Hii ni ya watu, ile rahisi ya kuuzia wapita njia."

Nikamwambia yale nilisikia nikiwa nimekaa. Hakulia. Alisema tu, "Na yeye ndiye aliuliza? Dada ndiye aliuliza?"

Ilikuwa Ijumaa. Kurudi Kitale, nirudi niseme nini, na kwa mdomo ya nani? Mama mkwe hajawahi kwenda kudai kitu kwa mkwe. Ningekaa kwa kile kiti tena, mgongo nyuma, nimwambie binti yangu, "Mwambie bwana yako ni mwizi," na yeye amwambie, "Anasema wewe ni mwizi"? Tukapiga simu. Binti mkubwa akashika.

Nikamwambia, "Sikiliza." Nikaweka simu karibu na kibodi nikagonga. Cha-cha-cha. Halafu nikaweka simu kwa mdomo yangu nikamuigia ile nyingine, ile ya duka: tok, tok, tok. "Wewe uliuliza hii ama ile. Mimi nilikuwa hapo."

Nikasikia pumzi yake. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni nikipalilia mahindi, najua pumzi yake akiwa na homa, akiwa ameiba sukari, akiwa anataka kulia. Nikangoja alie. Angelia ningemsamehe hapo hapo kwa simu, na pesa ya simu ikiisha.

Lakini akasema, "Mama, mali ikitoka duka hairudi."

"Mali?"

"Na pia, mama, tuongee ukweli. Mwanamke ni kwake. Hicho chumba cha vijana wa kuvuta bangi kitamfikisha wapi? Kibodi si boma. Huenda Mungu ameonyesha njia. Arudi kwake."

Mimi naiga watu tangu nikiwa mdogo. Niliiga padri, nikachapwa. Niliiga mama mkwe wangu, nikachapwa zaidi. Hakuna sauti inanidanganya. Na kwa hiyo simu kulikuwa na kiazi moto. Mdomo ulikuwa wa binti yangu, lakini aliyekuwa anaongea ni yule ambaye siwezi kumwangalia uso. Maneno yamepanda kwake kama siku ile ya duka, lakini sasa hakuna mtu alikuwa amemwambia "mwambie mama". Alikuwa anayatoa mwenyewe.

Nikamwuliza, "Wewe uko wapi?"

Akasema, "Si niko hapa, mama."

Nikakata.

Jumamosi wakakuja. Wa Webuye walikuwa wamevaa jezi, sijui ya kukaa kwa kiti unavalia jezi ya nini. Chumba kikajaa mpaka wengine wakasimama kwa mlango, wakaniuliza kama naweza kusogea, nikawaambia jiko ilikuwa hapa kabla yao. Niliuza njugu siku hiyo kuliko siku zote, na kila pakiti niliyofunga niliifunga nikisikiliza ndani.

Mara ya kwanza wakasema ni kidole. Mara ya pili wakatukanana. Mara ya tatu ilikuwa yule wetu wa shingo ya bata, amebaki na kipa tu mbele yake, chumba kimesimama, na mwenzake wa Webuye akakandamiza vyake kwa wakati ule ule. Sikungoja kuambiwa.

"Imerara!" Na safari hii hakupiga nduru. Alisema tu, kama mtu anatangaza kifo kwa redio. "Madam, imerara."

Wakatoka mmoja mmoja wakipita kwangu. Mkubwa wao alisimama, akasema, "Pole, madam. Si tuliongea?" Binti yangu akasema, "Mliongea." Wakavuka barabara wote, na jezi zao. Yule wa shingo ya bata alirudi baadaye kidogo, nikafikiri ana neno la kutupa moyo. Alitaka njugu. Huko ng'ambo hawakuwa na njugu.

Hapo haikuchukua muda mrefu. Chumba kilibaki na watoto wa shule wa kuomba "madam nicheze tu kidogo". Kompyuta zikaenda kwa yule wa ng'ambo, alizinunua za kutoa vipuri. Na siku moja bwana wa Matulo akakuja na baiskeli, amenyoa ndevu, amevaa shati nyeupe, anaongea kama mlokole. Naye ni mkwe wangu, usisahau. Kwa hivyo mtu huyo aliyevunja sikio ya mtoto wangu alipofika, ni mimi nilijifunika leso, nikageuza kiti, nikaangalia ukuta. Nikasikia mfuko wa nailoni unafungwa. Nikasikia kengele ya baiskeli inalia kwa mawe ikienda. Sikuona kitu.

Kibodi aliniachia. Watoto wa majirani wanaichezea kama kinanda. Cha-cha-cha.

Krismasi ile binti zangu wote walikuja kwangu, waume zao wakapewa viti upande wa nyumba ya shemeji yangu, mbali, inavyopaswa. Tulikuwa jikoni wanawake na watoto. Binti mkubwa amenona, amevaa kitambaa ya bei. Ananizunguka tangu asubuhi, anachukua maji hata kama hayajaisha. Mwishowe akasema, kwa ile sauti ya kubembeleza, "Mama, tuige. Kama zamani. Niige mimi."

Watoto wakapiga makofi. "Iga mama! Kukhu, iga mama!"

Nikajipanguza mikono. Nikafungua mdomo nimtafute, yule msichana wangu wa kuiba sukari, na kile kilitoka ni kiazi moto: "Mwambie mama mali ikitoka duka hairudi."

Watoto walianguka kwa kucheka. "Ni baba! Kukhu ameiga baba!"

"Nimeiga mama yenu," nikawaambia.

Binti mkubwa akashika sufuria ambayo haikuwa inahitaji kushikwa. Yule wa mwisho, aliyekuwa amekaa kwa mlango akichambua mchele, akageuza ile sikio yake nzuri kwangu akasema, "Na mimi?"

Nikasimama wima, nikaweka mkono kiunoni kama yeye alivyokuwa anasimama katikati ya kompyuta zake, nikapaza sauti mpaka ikafika barabarani: "Nani amemwaga soda kwa kibodi yangu? Toka! Toka nje, na usilambe vidole!"

Akacheka. Kilikuwa kile kicheko, cha duka ya Kitale, nikikataa kibodi. Kikatoka chote, akashika tumbo, mchele ukamwagika.

Halafu upande wa wanaume mtu akakohoa, na yeye akafunika mdomo na mkono, akaanza kuokota mchele, punje moja moja.